Nani Atamwambia Mkwe?

Dada, mhudumu mwenzangu wa zahanati, aliketi ameupa mlango mgongo, uso ukutani, pale ilipobandikwa picha kubwa ya ini. Hatua tatu nyuma yake aliketi mwanamume wa makamo, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, macho kayatuliza kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe. Kati yao alikaa bibi mmoja mwenye mvi, shangazi yake yule bwana. Dada anauambia ukuta habari za homa ya ini. Bibi anasikiliza, anageuka, anayarudia kwa yule bwana maneno ambayo bwana ameshayasikia barabara, maana chumba chenyewe kinatosha kitanda kimoja na meza. Bwana anamjibu bibi. Bibi anamgeukia Dada. Wakaenda hivyo dakika arobaini, bila haraka, na mara mbili nikawasikia wote watatu wakicheka.

Mimi nimesimama pembeni na trei ya kutolea damu, sijui nitoke au nibaki.

Walipoondoka nikamuuliza Dada mbona ameongea na ukuta. Akasema, "Yule ni mkwe wangu." Kisha akaniangalia kwa jicho la uchokozi. "Na kwa kuwa wewe ni mdogo wangu, ni mkweo pia. Hukupaswa hata kumtazama. Lakini wewe ni balanda, tumekusamehe."

Nieleze kidogo nilifikaje hapo. Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, nesi. Kazi nimeisomea nyumbani na kuifanya nyumbani miaka saba, kisha ndoa ikanipeleka Australia. Baada ya mitihani ya kusajiliwa upya, ambayo ilinitoa jasho kuliko ile ya kwanza, nikaangukia kwenye zahanati ya kijiji kimoja mashariki mwa Arnhem Land, katika Northern Territory, kaskazini mwa Australia. Kijiji sikitaji. Watu ni wachache, kila mmoja anajulikana kwa kila mmoja, na habari za damu ya mtu si za kutangazwa. Itoshe kusema ni nchi ya watu wa Yolŋu, Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, kuna bahari, kuna mikoko, na wakati wa mvua barabara inakatika, mnabaki na ndege ndogo.

Nilidhani nimefika mwisho wa dunia. Siku ya tatu nikamsikia mtoto dukani akiomba "rrupiya" kwa mama yake. Rupia! Pesa kwao ni rupia, kama walivyosema babu zetu enzi za Mjerumani. Neno hilo waliletewa na mabaharia wa Makassar, waliokuwa wakija kila mwaka na tanga zao kufuata majongoo bahari ya kuwauzia Wachina, mpaka serikali ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20. Hilo la "balanda" nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Asili yake ni "Mholanzi", siku hizi ni mgeni yeyote mweupe, na kwa mapenzi yao hata mimi mweusi tii nimo. Na kuna jambo ambalo mtu wa Kilwa hawezi kulipita kimya: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, upande huo huo wa Arnhem Land, na 5 kati ya hizo zilikuja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Za usultani wetu! Zilifikaje huko, kila mtu na dhana yake. Nilipomsimulia Dada, hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Basi umechelewa kufika."

Hapo ndipo aliponifanya mdogo wake. Kwa Wayolŋu mtu asiye na nafasi kwenye ukoo hana pa kusimama, hawajui wamwiteje, wamkaribie au wamkwepe, wampe chakula au wamdai. Akanitangaza yapa yake, yaani ndugu yake wa kike, na kuanzia saa ile nikawa na mama wanne, watoto wasiohesabika, na wakwe.

Sasa huo ugonjwa. Kwetu tunauita homa ya ini, na jina lenyewe limeshatupoteza njia kabla hatujaanza safari. Mtu ukimwambia una homa ya ini, anajishika shingo, anasema, "Mbona sina homa?" Kweli hana. Homa ya ini aina ya B ikishakuwa sugu inaweza kukaa ndani ya mwili miaka thelathini au arobaini bila kukohoa wala kubisha hodi. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, kwa kawaida watoto 9 kati ya 10 hubaki nacho kirusi hicho. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Ndiyo maana ugonjwa huu unatembea na familia, mama, wana, wajomba, na ndiyo maana wenye lugha kali wanauita uchawi wa ukoo. Kwetu nimeusikia hivyo kwa masikio yangu.

Waaborijini wana historia na kirusi hiki isiyofanana na ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Baruch Blumberg, alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mbalimbali ili aone zinatofautianaje. Katika damu ya Mwaborijini mmoja kukaonekana kitu kilichogongana na damu ya mgonjwa wa Marekani aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Wakakiita antijeni ya Australia. Baadaye ikajulikana kwamba hicho ni kipande cha gamba la kirusi cha homa ya ini B. Kutoka hapo kikapatikana kipimo, kisha chanjo, na mwaka 1976 Blumberg akapewa Tuzo ya Nobel. Mwenye damu hatajwi kwa jina. Na kirusi kinachozunguka kati ya Waaborijini wa Northern Territory ni cha ukoo wa peke yake, wanasayansi wanauita C4, hakijaonekana kwa watu wengine. Wamekaa nacho zama na zama.

Nilimsimulia Dada haya jioni moja tukisubiri ndege ichukue chupa za damu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha, "Kumbe ni hadithi yetu. Mbona wanatusimulia kwa Kiingereza?"

Hapo aliweka kidole kwenye kidonda. Katika vijiji hivi Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne. Mtu anaitika "yo, yo", yaani ndiyo, ndiyo, kwa adabu tu, na nesi anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo, tena mara nyingi. Nilikuwa natumia ule usemi wa kitabuni kwamba kipimo ni "chanya", nikamwona mama mmoja akitabasamu kwa furaha na kunishukuru. Amesikia kwamba damu yake ni nzuri. Alitoka nje amejaa raha, na mimi nikabaki nimeduwaa, nikajua sijafanya kazi yangu, ila nikaita mgonjwa mwingine kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Zaidi ya lugha kulikuwa na uongo wa zamani. Wagonjwa wengi wa umri wa Dada waliwahi kuambiwa miaka ya nyuma kwamba wao ni "wabebaji wenye afya", wamekibeba kirusi lakini hakina neno nao, waende zao. Ndivyo udaktari ulivyoamini wakati huo. Leo tunajua kwamba homa ya ini sugu haikai mahali pamoja. Kuna kipindi kirusi kimejaa kwenye damu na mwili haujali. Kuna kipindi mwili unashtuka na kuanza vita, na vita hivyo vinapiganiwa ndani ya ini lenyewe. Kuna kipindi cha utulivu. Na kuna kirusi kuamka tena baada ya utulivu. Mtu wa leo salama, mwakani si salama. Kwa hiyo anahitaji damu yake iangaliwe tena na tena, kwa kawaida kila miezi sita au kila mwaka, na wengine wapigwe ultrasaundi ya ini ili saratani ikianza ikutwe ingali ndogo. Sasa wewe uliyemwambia mtu mwaka 1995 aende zake, utamrudisha kwa uso gani?

Dada alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye zahanati ile nilipofika. Ana cheti, amesajiliwa. Australia nzima inawasajili wataalamu wa afya wa Kiaborijini kama inavyowasajili manesi na madaktari tangu 2012, na Northern Territory ilianza miaka mingi kabla. Lakini kazi aliyokuwa akipewa ilikuwa ipi? Kuendesha gari. Asubuhi nesi anamkabidhi karatasi yenye majina, naye anapanda Land Cruiser, anazunguka kijijini akikusanya watu kama konda wa daladala. Wakifika, anakaa nje. Akiitwa ndani, ni kutafsiri. "Mwambie ameze vidonge." Anamwambia ameze vidonge. Vya nini, yeye mwenyewe hajaelezwa.

Manesi tunapita. Huyu wiki sita, yule miezi mitatu, mwingine anarudi mjini kabla sanduku halijafunguliwa. Yeye yupo tu. Kila mgeni anamfundisha pa kuegesha gari, kisha mgeni anamtuma.

Taasisi ya Menzies, ya utafiti wa afya, yenye makao Darwin, mji mkuu wa Northern Territory, ilikuwa imeshaanza siku nyingi kufanya kazi na Wayolŋu kuhusu ugonjwa huu. Watafiti wao walikwenda kuwauliza watu wanaelewa nini, na jibu lililorudi ni kwamba watu wanataka kujua, tena kwa kina, ila waambiwe kwa lugha yao na mtu wao. Mwaka 2014 wakatoa programu ya simu na kishikwambi inayosimulia homa ya ini B kwa Yolŋu Matha, lugha ya Wayolŋu, yenye picha na sauti, na baadaye ikaingizwa katika lugha nyingine kadhaa za Northern Territory. Dada alikuwa nayo kwenye kishikwambi cha zahanati. Tatizo, kishikwambi kilifungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao meneja.

Kisha yakaja mafunzo yenyewe ya homa ya ini B, kwa wahudumu wa Kiaborijini kama Dada. Siku mbili, kwenye ukumbi wa feni tatu, moja mbovu. Walikuja wanawake sita na wanaume wawili kutoka vijiji vya jirani, na mimi nikaingia kama msaidizi wa kugawa makaratasi. Nilidhani nitakuwa nikisinzia.

Walimu, mmoja balanda na mmoja Myolŋu, hawakuanza na kirusi. Walianza na ini. Kazi yake, lilipo, linavyokuwa likiumia. Nusu ya siku nzima wakazungumzia ini la kasa na la nguru, maana kila aliyekuwepo ameshapasua kasa na anajua ini zima likoje na la ugonjwa likoje. Mzee mmoja alieleza rangi ya ini la nyati mgonjwa kwa namna ambayo sijawahi kuisoma kwenye kitabu chochote cha patholojia. Ndipo mwalimu akaonyesha picha ya ini la binadamu lenye makovu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake.

Somo la vipimo ndilo lililonifunga mdomo. Miaka yote nimefundishwa majina marefu ya antijeni na kingamwili, nikakariri, nikafaulu, na nikiamshwa usiku bado nababaika. Pale Dada na wenzake walivigeuza kuwa maswali matatu wanayoiuliza damu. La kwanza: kirusi kimo sasa hivi? La pili: kiliwahi kuingia? La tatu: una kinga? Basi. Damu ikijibu ndiyo kwa la kwanza, tunakaa chini tuzungumze, na baada ya miezi sita tunaiuliza tena tuone kama ugonjwa ni sugu. Ikijibu hapana, ndiyo, ndiyo, basi mtu aliambukizwa na mwili ukakifukuza. Ikijibu hapana, hapana, ndiyo, ni chanjo hiyo. Hapana zote tatu, lete sindano. Walicheza na kadi, wakapigana vikumbo, wakabishana kwa Yolŋu Matha mpaka mchana, na aliyekosea alizomewa.

Jioni wakafungua faili za kweli za vijiji vyao wenyewe. Hapo mambo yakageuka. Katika Northern Territory walikuwa na kazi kubwa ya kupitia majibu ya zamani ya kila Mwaborijini na kumwandikia kwenye kompyuta alama moja fupi: ana ugonjwa, ana kinga ya chanjo, ana kinga ya kuugua, hana kinga, hajapimwa vya kutosha. Linasikika kama jambo la karani. Lakini kabla ya hapo majibu yalikuwa yametawanyika, jibu moja Darwin, jingine kwenye karatasi ya 1998, na kila nesi mgeni akiona hapaeleweki anachoma chanjo upya. Nimekuta mtu aliyechanjwa seti tatu nzima, na kirusi kimo ndani yake tangu kuzaliwa. Mkono wake ulichoka bure.

Mimi nilikuwa na orodha yangu ya watu wa kufuatiliwa. Miezi mitatu nimepiga simu, nimeacha ujumbe, nimeandika "hapatikani". Dada alivuta kiti, akaweka kidole kwenye skrini, akaanza kushuka. Huyu yuko kwenye msiba kisiwani, atarudi mwezi ukiandama. Huyu yuko Darwin anasafishwa damu kwa mashine ya figo. Huyu na huyu ni mtu mmoja. Nikamwambia haiwezekani, majina ni mawili na tarehe za kuzaliwa mbili. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna ndugu alifariki akiwa na jina kama la huyu, na jina la marehemu halitamkwi, hivyo aliye hai akachukua jina jingine, na zahanati ikamfungulia faili la pili. Nusu ya ugonjwa wake imeandikwa hapa, nusu kule. Tulikaa mpaka giza likaingia. Mwishoni, kwenye orodha yangu ya wasiopatikana walibaki watu wawili, na mmoja wao alikuwa shemeji yake amelala nyumbani.

Nilikuwa nimeyaelewa mafunzo kinyume. Nilidhani namgawia Dada sehemu ya kazi zangu ili nipumue. Baada ya wiki chache mimi ndiye nilikuwa naomba kazi. Yeye anaamua nani aitwe lini na aitwe na nani. Yeye anatoa damu, anasoma majibu, anaeleza, anafuata watoto na wake wa mgonjwa nao wapimwe. Daktari anaandika dawa, bingwa wa ini anaonekana kwenye video kutoka Darwin, mashine ndogo ya kupima ugumu wa ini inakuja kwenye sanduku na timu inayozunguka. Dawa yenyewe mara nyingi ni tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, kwa wale tu ambao damu yao inaonyesha wanahitaji. Wasomaji wa Afrika Mashariki mnaijua tenofovir. Ni moja ya dawa zilizomo kwenye ARV. Kwetu hilo peke yake linatosha kumfanya mtu akifiche kichupa chini ya godoro.

Sasa turudi kwa yule mkwe.

Mipango mingi ya afya hupenda kuhesabu hivi: kila zahanati mtu mmoja aliyefunzwa, tumemaliza. Dada alikuwa ndiye mtu huyo mmoja. Na robo ya kijiji, kwa hesabu ya ukoo wao, ni watu ambao hawezi kuwaketisha uso kwa uso. Mkwe wa kiume hamtazami, hamtaji jina, hampi kitu mkononi. Mambo ya ngono, ambayo ni mojawapo ya njia za kuambukizana, hayasemwi na mwanamke kwa mwanamume wa upande fulani hata dunia ipasuke. Sisi wa pwani na bara tusijifanye hatuelewi. Kuna makabila kwetu mpaka leo mkwe akikuona njiani anaingia porini upite. Mwambie basi huyo ndiye akutoe damu.

Ile siku ya ukuta ilifaulu kwa sababu bibi alikubali kuwa daraja, na kwa sababu yule bwana alikuwa mpole. Lakini ilimgharimu Dada. Usiku alinitumia ujumbe kwamba hakula. Kesho yake alikwenda kwa meneja, na mimi nikamfuata kama mkia, akasema anataka afunzwe kijana wa kiume, mtoto wa dada yake, na baada yake msichana wa ukoo wa upande wa pili. Meneja akauliza kama zahanati ya ukubwa ule inahitaji watu watatu kwa ugonjwa mmoja. Dada akachukua karatasi, akachora duara, akaandika nani wa nani, akatia alama kila ambaye yeye peke yake hamfikii. Karatasi ilijaa alama. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa na bajeti. Ilichukua miezi tisa.

Kijana sasa ameshahitimu kozi, bado anasomea cheti. Ana mwendo wa maringo na redio ya gari huifungulia mpaka mwisho. Yule mkwe anakwenda kwake, wanakaa chini ya mkwaju nje ya uzio, wanaongea habari za uvuvi, na katikati ya uvuvi damu inatolewa.

Sitaki mtu adhani huko ni peponi. Wataalamu wa Kiaborijini hawatoshi, mzigo wa msiba na ukoo uko juu yao kuliko juu yetu wageni, na akifiwa Dada zahanati inapooza wiki nzima. Lakini matokeo yapo. Katika Northern Territory karibu kila Mwaborijini anayekadiriwa kuwa na homa ya ini B sugu ameshatambuliwa, na zaidi ya 8 kati ya 10 wako kwenye uangalizi. Kwa Australia nzima walio kwenye uangalizi ni kama robo tu, pamoja na mahospitali yote ya Sydney na Melbourne. Watoto wachanga wa Northern Territory wanachanjwa wote tangu 1990, kabla ya nchi yenyewe kuanza kwa watoto wote mwaka 2000, kwa hiyo orodha yetu ni ya watu wazima, vijana hawamo. Ukoo wa kirusi unazeeka bila warithi.

Kwetu, Tanzania na Kenya, mtoto alichanjwa kwa miaka mingi kuanzia wiki ya 6, si siku anayozaliwa, na mlango wenyewe mkubwa wa kirusi ni siku anayozaliwa.

Mjomba wangu, mvuvi, alikufa akiwa na miaka arobaini na sita. Alikonda mabega, tumbo likajaa maji, macho yakawa kama binzari. Mahali pa kwanza alipelekwa kwa mganga, pa pili akatibiwa malaria, pa tatu tulikuwa tumeshachelewa. Ndugu zake wa tumbo moja wapo hai, na mama yangu ni mmojawapo. Kwa miaka minne nimepiga simu kutoka Australia nikiwaomba wapime. Nikaeleza vizuri, kwa Kiswahili changu fasaha cha unesi. Mama anasema, "Tumesikia mwanangu, Mungu mkubwa." Mjomba mkubwa anasema hana homa.

Nilimwambia Dada kwamba familia yangu ni vichwa ngumu. Hakujibu hilo. Aliuliza, "Huyo mjomba wako, kwenu nani anaruhusiwa kumwambia lolote?"

Nikajibu bila kufikiri: mjukuu. Kwetu mjukuu na babu ni watani, anamwita mume wangu, anamchapa kofi la mgongo, anamtaka mahari. Mimi kwa mjomba ni mtoto, tena mtoto wa kike aliyekwenda mbali. Maneno yangu hata yakiwa ya dhahabu yanapita juu ya kichwa chake.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tano. Sikumpa somo. Nilimpa maneno mawili matatu na nauli. Jumamosi akaenda kwa babu yake, akamkuta anashona wavu, akamwambia mbele za watu kwamba posa ameikubali, ila yeye haolewi na mzee ambaye ini lake halina cheti. Barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee akavua kofia, akasema twende, na mama yangu akadandia bodaboda ya pili asipitwe na kichekesho.

Ilikuwa usiku kwangu ujumbe ulipoingia, niko zamu, Dada yuko meza ya pili anajaza faili. Picha mbili za vile vipimo vya haraka vya tone la damu. Cha mama, mstari mmoja. Cha mjomba, miwili. Chini yake binti kaandika: Shangazi, miwili ndiyo nzuri?

Nikampigia video. Alikuwa nje ya zahanati, nyuma yake namwona mjomba kakaa kwenye benchi, kofia mapajani, anatutazama. Dada akasogeza kiti chake karibu na changu aone nyuso. Nikamwambia binti achukue kalamu.

"Kuna maswali matatu tunayoiuliza damu," nikaanza. "Hicho kipimo kimeuliza la kwanza tu."